Sura ya Sita: Unyevu Kwanza, Sumu Baadaye

Kila inaposikika habari ya watu waliokufa kwa kula mahindi yaliyoota kuvu, jambo la kwanza kudaiwa ni maabara: zinunuliwe mashine, wafunzwe wataalamu, kila gunia lipimwe kabla halijauzwa. Dai hilo lina haki yake, kwa kuwa sumukuvu haina rangi, haina harufu wala ladha, na punje inayoonekana safi yaweza kuwa imeibeba. Lakini swali la sura hii ni jembamba zaidi. Mahali kama Kashebere, pale Masisi inapopakana na Walikale, kwenye njia itokayo Masisi-Kati kupitia Nyabiondo kuteremka kuelekea msituni, kipimo gani kitangulie? Jibu langu ni kwamba kipimo cha unyevu kitangulie kipimo cha sumu. Kipimo cha sumu kikiletwa peke yake, bila njia ya kukausha mavuno na bila mahali pa kupeleka nafaka iliyokataliwa, kitamlinda mnunuzi wa mbali, na mlaji wa Kashebere atabaki na sumu ileile chunguni mwake.

Tumjue kwanza adui mwenyewe. Mwaka 1960 nchini Uingereza bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa katika muda wa miezi michache, na kwa kuwa hakuna aliyejua sababu, ugonjwa ukapewa jina la X. Uchunguzi ulifuatilia chakula chao hadi kwenye mashudu ya karanga yaliyotoka Brazil, na humo ikapatikana sumu inayotengenezwa na kuvu aitwaye Aspergillus flavus. Sumu hiyo ndiyo aflatoksini. Ziko aina kadhaa, na kali kuliko zote ni B1. Mwaka 1987 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliziweka aflatoksini katika kundi la kwanza, la vitu vilivyothibitika kuleta saratani kwa binadamu, na kiungo zinachokishambulia ni ini. Mwenye virusi vya homa ya ini aina ya B akizila mwaka hadi mwaka, hatari mbili hizo hazijumlishwi, huzidishana. Watoto nao hulipa kwa namna yao: utafiti wa Benin na Togo uliochapishwa mwaka 2002 ulionyesha kwamba wale waliokuwa na dalili nyingi za aflatoksini katika damu walikuwa wafupi na wepesi kuliko wa umri wao. Pamoja na aflatoksini iko fumonisini, sumu ya kuvu wa Fusarium, iliyotambuliwa Afrika Kusini mwaka 1988. Kuvu huyo huingia ndani ya hindi likiwa bado shambani, na hupenda mvua.

Mfano ulio karibu nasi na uliochunguzwa vizuri kuliko yote ni wa mashariki mwa Kenya. Mwaka 2004, katika Makueni, Kitui na wilaya jirani, wagonjwa 317 walihesabiwa na 125 kati yao wakafa, ini likiwa limeshindwa kufanya kazi. Wachunguzi walipopima bidhaa za mahindi 350 kutoka masoko ya eneo hilo, asilimia 55 zilizidi mikrogramu 20 za aflatoksini kwa kilo, na asilimia 7 zilizidi 1,000. Kilichosababisha hali hiyo ndicho kinachotuhusu zaidi. Mavuno yalikuwa haba, mvua ilinyesha wakati usio wake, na watu kwa kuogopa njaa na wezi wakavuna mapema, wakayaingiza mahindi ndani ya nyumba yangali mabichi, penye joto na pasipopita hewa. Walipolinganishwa walioumwa na wasioumwa, kuhifadhi mahindi yenye unyevu ndani ya nyumba kulijitokeza kuwa miongoni mwa sababu za hatari. Mwaka 2016 Tanzania nayo ilipata pigo la namna hiyo huko Dodoma na Manyara: wagonjwa 68, vifo 20.

Sasa tazama Kashebere. Iko karibu na ikweta, mahali ambapo milima ya Masisi inaanza kushuka kuelekea misitu ya Walikale, na mvua hunyesha karibu mwaka mzima. Kivu Kaskazini ina misimu miwili ya kulima: ule unaoanza Septemba na ule unaoanza Februari au Machi. Mavuno ya msimu wa pili huangukia kwenye kiangazi kifupi cha Juni hadi Agosti, na hayo walau hupata jua. Mavuno ya msimu wa kwanza, yale ya Januari na Februari, hukuta mawingu. Hindi linaanikwa asubuhi, mchana mvua inashuka, jioni linakusanywa likiwa limelowa kuliko lilivyotoka. Juu ya hayo kuna vita. Januari 2025 waasi wa M23 waliingia Masisi-Kati kisha Goma, na Machi wakafika mji wa Walikale. Anayekimbia hangojei hindi likauke kwenye bua, na anayerudi huvuna alichokikuta, kilichokomaa na kisichokomaa. Hofu ya kuporwa inawasukuma watu kufanya kilekile kilichofanyika Makueni: kuficha nafaka mbichi ndani. Mambo yote yaliyoiua Kenya ya mwaka 2004 yanaweza kukutana Kashebere katika wiki moja ya Februari.

Kwa nini basi tusianze kwa kupima sumu yenyewe? Sababu ya kwanza ni hesabu. Kongo ilikamilisha kujiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki Julai 2022, na kikomo cha Jumuiya kwa mahindi ni mikrogramu 10 za aflatoksini zote kwa kilo, B1 isizidi 5. Mikrogramu 10 kwa kilo ni sawa na miligramu 1 katika gunia zima la kilo 100. Sumu hiyo haikutawanyika sawasawa; hukaa katika punje chache zilizooza, na nyingine zote huwa salama. Imewahi kupimwa punje moja ya mahindi ikakutwa na kiwango cha mikrogramu 400,000 kwa kilo. Punje ina uzito wa kama gramu 0.3, kwa hiyo ndani ya hiyo moja mna mikrogramu 120. Chukua sampuli ya kilo 10, yenye punje zaidi ya 30,000. Punje ile mbaya ikiwamo, sampuli nzima itasoma 12 na mzigo utakataliwa. Isipokuwamo, na zilizobaki zikiwa safi, itasoma sifuri. Chukua sasa gramu 200 tu, kiasi cha viganja vichache: punje ikiingia, kipimo kitasoma 600, isipoingia, sifuri. Gunia ni lilelile na majibu ni mawili, la kwanza la kutisha na la pili la kutuliza, na hakuna hata moja linalosema kweli kuhusu gunia.

Ndiyo maana wanaopima kwa dhati hutumia nguvu nyingi kwenye kuchota kuliko kwenye mashine. Kanuni za Umoja wa Ulaya hudai mzigo mkubwa wa nafaka uchotwe sehemu 100 tofauti, vichoto vichanganywe vipate kilo 10, visagwe pamoja, ndipo sehemu ndogo ipelekwe maabara. Bambo likichomwa mara moja kwenye gunia la juu haliambii lolote kuhusu magunia ya chini yaliyogusana na sakafu. Baada ya kuchota na kusaga huja kipimo chenyewe, na hata kile cha haraka, kijiti kinachoonyesha mistari kama kile cha kupimia malaria, kinadai mizani, kileo cha kuchujia sumu, kifaa cha kusoma mistari na mtu aliyefunzwa. Kijiti kimoja ni dola kadhaa na hutumika mara moja. Kwa ghala la tani mia gharama hiyo ni ndogo. Kwa mama mwenye magunia mawili, inaweza kumlia faida yote. Maabara kubwa ziko mijini, na njia ya kutoka Kashebere hadi mjini huweza kufungwa na matope au na bunduki kwa majuma. Majibu yakirudi, familia imeshakula.

Sababu ya pili ni nzito zaidi, nayo ni hatima ya nafaka iliyoshindwa. Katika nchi zenye viwanda, mahindi yaliyozidi kikomo cha binadamu huwa na ngazi ya kushukia. Marekani, ambako kikomo cha chakula cha watu ni mikrogramu 20, huruhusu mahindi yenye hadi 300 kulishwa ng'ombe wa nyama walio katika hatua ya mwisho ya kunenepeshwa. Mkulima hupata hasara, lakini hapotezi vyote. Kashebere haina ngazi hiyo. Gunia lililokataliwa na mnunuzi wa Goma litarudi sokoni na kuuzwa kwa kopo kwa bei ya kutupa, au litapikiwa pombe, au litapewa kuku na bata, na vifaranga vya bata ni miongoni mwa viumbe wanaodhuriwa upesi kabisa na aflatoksini. Tarehe 5 Machi 2021 Kenya ilisitisha kuingiza mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumukuvu, na siku chache baadaye ikayaruhusu tena kwa masharti, cheti cha kipimo kikiwa mojawapo. Kenya ilikuwa na haki ya kuwalinda watu wake. Ila mahindi yanayogeuzwa mpakani hayapotei hewani. Hutafuta mnunuzi asiyeuliza cheti, na kwa kawaida huyo ni maskini kuliko wa kwanza. Kipimo kisicho na mpango wa kilichokataliwa ni chujio linalobakiza makapi kwa mwenye shamba.

Kipimo cha unyevu kina tabia iliyo kinyume na hiyo. Unyevu umeenea katika rundo kwa namna iliyo sawa zaidi kuliko sumu, kwa hiyo sampuli ndogo husema kweli kwa kiasi cha kutosha. Majibu hupatikana palepale. Na la muhimu kuliko yote, jibu baya lina dawa: nafaka iliyoonekana ni mbichi hurudishwa juani ikapona, ilhali iliyokwisha kuingiwa na sumu haiponi. Kiwango cha Afrika Mashariki kwa mahindi ni unyevu usiozidi asilimia 13.5, karanga zinahitaji kushuka hadi 7 au 8. Chini ya hapo kuvu hawana maji ya kukulia. Pasipokuwa na mashine ya kupimia, kuna chupa na chumvi. Kaanga chumvi kidogo mpaka ikauke kabisa, iache ipoe, itie ndani ya chupa ya glasi iliyo safi na kavu. Ongeza mahindi yafike theluthi ya chupa, funga, tikisa kwa nguvu dakika moja, iache robo saa, tikisa tena. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi yana unyevu unaozidi asilimia 15 na hayafai kuingia ghalani. Ikibaki inatiririka chini, yameshuka chini ya 15. Hapo huenda bado hayajafika 13.5, kwa hiyo yapewe jua zaidi kabla ya kufungwa gunia. Ni kipimo kisicho na makali ya mashine, lakini mtu yeyote anaweza kukifanya mlangoni kwake, na kurudia kila siku mpaka aridhike.

Ushahidi kwamba njia hii inapunguza sumu mwilini upo. Nchini Guinea, katika vijiji vya wakulima wa karanga, watafiti waliviweka vijiji 10 kwenye mpango na 10 vingine wakaviacha na desturi zao. Mpango haukuwa na kipimo hata kimoja cha sumu kwa mkulima: aliambiwa achambue karanga kwa mkono na kutupa zilizooza, azianike juu ya mikeka badala ya ardhi tupu, ahakikishe zimekauka, azitie katika magunia ya katani yanayopitisha hewa, ayaweke juu ya mbao na azuie wadudu. Miezi mitano baada ya mavuno, kiasi cha aflatoksini katika damu ya watu wa vijiji vya mpango kilikuwa chini ya nusu ya kile cha vijiji vingine. Matokeo hayo yalichapishwa katika jarida la Lancet mwaka 2005. Tuangalie vizuri kilichotendeka: maabara ilitumika, lakini ilitumiwa na watafiti kukagua kama mbinu zinafaa, na mkulima alipewa mkeka. Mgawanyo huo wa kazi ndio ninaoutetea.

Wapo watakaosema mababu walikula nafaka ya juu ya jiko miaka yote na hawakufa. Sehemu ya hoja hiyo ni kweli, na inaniunga mkono: mahindi yaliyoning'inizwa na maganda yake juu ya moto hukauka polepole na moshi hufukuza fukusi, kwa hiyo desturi hiyo ilikuwa teknolojia nzuri kwa mavuno madogo. Haiwezi kubeba mavuno ya kuuza. Sehemu iliyobaki ya hoja ni udanganyifu wa macho, kwa kuwa saratani ya ini humchukua mtu baada ya miaka mingi, na hakuna anayeiunganisha na fufu aliyokula akiwa kijana. Wengine watasema moto wa jikoni unaua kila kitu. Moto humuua kuvu, sumu yake hubaki. Aflatoksini haivunjiki mpaka ipate joto linalopita nyuzi 200, na chungu cha maji yanayochemka hakizidi 100. Wa tatu watasema jicho la mama linatosha kuchagua. Kuchambua punje zilizovunjika, zilizobadilika rangi na zilizotobolewa na wadudu huondoa sehemu kubwa ya sumu, na kila nyumba inapaswa kufanya hivyo kabla ya kupeleka mashineni. Ila unga ukishasagwa hauchambuliki tena, na punje safi kwa macho si lazima iwe safi kwa ini.

Pingamizi lililo gumu kuliko yote ni hili: bila kupima sumu utajuaje kwamba kukausha kumefaulu, na vipi kuhusu kuvu aliyeingia shambani kabla ya mavuno? Nakubali uzito wake. Jua la uani haliondoi fumonisini iliyokwisha kutengenezwa kwenye bua, wala aflatoksini ya hindi lililotobolewa na funza likiwa shambani. Kukoboa na kuchambua kunasaidia hapo, lakini hakumalizi. Kwa sababu hiyo sisemi kipimo cha sumu kiachwe. Nasema kiwekwe mahali ambapo hesabu ya sampuli inakubali na ambapo jibu lake litafuatwa na kitendo. Mahali hapo ni ghala la pamoja la wakulima, ambamo magunia mengi huchotwa mara moja. Ni kinu cha kusagia unga wa lishe ya watoto. Ni ununuzi wa shirika linalolisha wakimbizi au wanafunzi. Huko mzigo ni mkubwa, mnunuzi ana fedha ya kulipia vijiti, na vipimo vya msimu mmoja vinaweza kufundisha ni kijiji gani kinakausha vizuri na kipi kinahitaji msaada. Ofisi ya Kongo ya Udhibiti, OCC, na watafiti wa INERA walioko Mulungu katika Kivu Kusini wana kazi yao hapo. Mnunuzi anayepima naye awe na sharti: atangaze bei ya juu kwa nafaka kavu kabla ya mavuno, na mzigo unaoshindwa auchambue upya na kuzika kilichooza kwa gharama yake, asimrudishie mama aliyeuleta.

Mwisho kuna wale wanaouliza kama ni haki kumwambia mtu mwenye njaa atupe chakula, katika nchi ambako risasi huua kabla ya saratani. Swali hilo lingekuwa na nguvu kama ningeanza na kipimo cha sumu, kwa sababu ndicho kinachoamuru kutupa. Kukausha hakumnyimi mtu hata kopo moja. Kunampa zaidi, kwa kuwa nafaka iliyokauka haioti, haiozeshwi na kuvu, na fukusi huisumbua kidogo kuliko ile mbichi. Hata aliyeko kambini anaweza kufanya sehemu yake: turubai lisitandikwe juu ya tope lenye mahindi ya jana, karanga zisinyunyiziwe maji ili zibanduke maganda kwa urahisi, gunia lisiegemee ukuta wala kukaa sakafuni, punje zilizooza zisichanganywe na nzima ili kuongeza kipimo cha kuuza.

Kwa hiyo mashirika na viongozi wanaopanga bajeti ya usalama wa chakula kwa Masisi na Walikale wajiulize swali moja kabla ya kutia saini: mkulima akipata jibu baya, ataweza kufanya nini kesho asubuhi? Kama hakuna, fedha hiyo inunue kwanza maturubai, vibanda vya kukaushia vilivyoezekwa na vipima unyevu vya ghala la kijiji, na vijiti vya sumu vifuate. Na wewe unayevuna mwezi wa pili, usingoje mradi. Chupa unayo, chumvi unayo. Pima leo, na kama chumvi imeganda, usifunge gunia.